Mwigize Daktari wa Jumapili

Nasikia siku hizi mgonjwa akitoka kliniki simu yake inalia, anaulizwa ampe daktari nyota ngapi. Anabonyeza, kazi imekwisha, na ninyi vijana wetu mnakaa ofisini Jinja mnajumlisha nyota kama wanajimu. Siwacheki. Ningekuwa na simu hizo wakati wangu ningezikumbatia, maana nilikuwa mtu wa kuogopa milango. Nikifika kwa watu nilisimama kwanza nikijiuliza: nibishe mara mbili au mara tatu? Mara mbili wataniona mnyonge. Mara tatu wataniona askari. Nikiwa bado nawaza, mbwa ameshaamua.

Mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tunafanya, kwa hiyo someni polepole, na mkikuta nimezunguka, jueni ndivyo nilivyo. Sentensi hii ya pili nimeifuta na kuirudisha mara nyingi kuliko inavyostahili.

Miaka ya tisini mpango wetu wa matibabu ulikuwa na kliniki Jinja na nyingine Mbale. Jinja tulihudumia wafanyakazi wa viwandani na familia zao. Mbale wengi walikuwa askari magereza na polisi. Siku za kazi tulikuwa na madaktari wetu wenyewe, lakini jioni, Jumapili na sikukuu hao walikwenda makwao, na nafasi zao zikajazwa na madaktari wa kukodi. Mmoja alitoka hospitali fulani, mwingine alikuwa na kliniki yake, mwingine ndiyo kwanza ametoka chuoni na koti bado lina mikunjo ya dukani. Watu waliwaita wote madaktari wa Jumapili, hata wakija Ijumaa Kuu.

Kazi yangu ilikuwa kujua kama wanatibu vizuri. Hebu fikirini ugumu wake. Anapotibu, wakubwa wote wako nyumbani. Ukifika Jumatatu yeye ameondoka, na mgonjwa pia ameondoka. Ni kama kuambiwa uonje chumvi ya mchuzi ulioliwa jana.

Nilipata kazi hiyo si kwa sababu ya shahada yangu, ingawa nilikuwa nimeibeba kwenye bahasha ya plastiki. Nilipata kwa sababu baba yangu alikuwa polisi na mimi nimekulia kambini, nikanyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Mkurugenzi wetu, Daktari Meena, alikuwa Mhindi aliyezaliwa Jinja, akaondoka na wazazi wake akiwa msichana, akarudi mtu mzima na Kiswahili chake cha jikoni kikiwa kizima. Aliniuliza swali moja tu.

"Akello, wewe utaweza sema na afande bila kutetemeka?"

"Nitatetemeka, Daktari, lakini nitasema."

"Basi anza Jumatatu."

Nilichokuwa sijui ni kwamba nje ya kambi Kiswahili kilikuwa na sura nyingine. Watu wengi wa kule walikisikia mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiambatana na bunduki. Wiki zangu za mwanzo nilikwenda chini ya mlima Wanale kumtembelea karani mmoja aliyetibiwa jicho. Nikabisha (mara tatu), nikasema kwa sauti ya baba yangu, "Hodi! Fungua, nina maswali machache." Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia mlango wa nyuma. Nilipozunguka nyumba nikamwona mgonjwa wangu anakatiza migombani kuelekea mlimani, kitambaa cheupe kwenye jicho, anakwenda vizuri kabisa kwa mtu anayeona upande mmoja.

Aliyenitengeneza ni Sista Nambozo, nesi mkuu wa kliniki ya Mbale. Mwanamke mfupi, mwenye kicheko cha kutikisa meza. Nilipomwambia habari ya yule karani alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, ukifika kwa Wagisu wa huku wasalimie 'mulembe' kwanza. Halafu nyamaza. Watakukaribisha malewa, ule. Mtu hawezi kumkimbia aliyekula malewa yake."

Tangu siku hiyo nimekula malewa, yaani chipukizi za mianzi kwenye mchuzi wa karanga, katika nyumba zisizohesabika, kwa jina la ubora wa huduma.

Sasa, maswali yenyewe. Nilikuwa nimeyatunga kwa jasho. Daktari alikupokea vizuri? Ulisubiri muda mrefu? Uliridhika? Nilikuwa nayapenda maswali hayo kama mtu anavyopenda viatu vipya. Nikayapeleka nyumba kwa nyumba, Jinja na Mbale, na majibu yakaja safi. Madaktari wa Jumapili wa Mbale walikuwa wawili wakipokezana. Mmoja watu walimwita Daktari Sindano. Huyo kila mgonjwa alimchoma. Kichwa, sindano. Kikohozi, sindano. Mama mmoja alimpeleka mtoto, akachomwa yeye pia kwa kuwa alionekana kuchoka. Walimpenda kama harusi.

Wa pili alikuwa Daktari Wandera, mtu wa mpakani Busia, mrefu, mpole, anayesema kama anayeteremsha ndoo kisimani. Aliuliza sana. Aligusa tumbo, akatazama macho, akatoa vidonge, halafu akaanza kueleza. Akaeleza tena. Wagonjwa walitoka wamechoka kuliko walivyoingia. "Uliridhika?" nilikuwa nauliza. "Na nini?" walinijibu. "Tulikwenda hospitali au shule?"

Nikajumlisha, nikapeleka Jinja. Daktari Meena akasoma, akaguna.

"Huyu Wandera watu hawamtaki. Na sasa afande mmoja wa magereza ameleta malalamiko, anataka aondolewe. Nenda umsikilize. Akithibitisha, Jumapili zote za Mbale nampa huyu mwingine."

Sista Nambozo alipopata habari hakucheka. Alikuwa anakunja mashuka, akaacha.

"Unajua sindano za yule bwana zina nini?"

"Dawa, Sista."

"Mara nyingi dawa ileile ya vidonge, imepita mlango mwingine. Siku nyingine vitamini. Siyo sumu. Shida si sindano, Akello. Mtu aliyechomwa anarudi nyumbani ameridhika. Na mtu aliyeridhika harudi kliniki, hata mambo yakiharibika. Jumapili hakuna wodi hapa, hakuna daktari wa kesho anayemjua huyo mgonjwa. Nani atamwangalia? Mama yake. Sasa mama yake ameambiwa nini?"

"Maswali yangu hayaulizi hilo."

"Ndiyo. Kwa hiyo unakwenda kumfukuza daktari pekee anayesema kitu."

Sikulala vizuri. Niliwaza: Sista ni rafiki yake Wandera? Niliwaza: na kama wagonjwa wana haki? Mimi ni nani kumwambia mtu hakuridhika kwa njia sahihi? Asubuhi nikapanda pikapu ya ofisi nikiwa na hoja za pande zote mbili na sina uamuzi wowote.

Afande Ojok, koplo wa magereza, alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Nabuyonga. Alikuwa ananingoja uani, sare imepigwa pasi, kana kwamba mimi ni gwaride. Nilisema mulembe kwa mazoea, akanitazama.

"Mimi si Mugisu, madam. Mimi mtu wa Lango kama wewe. Kaa. Andika."

Nikakaa. Hakuketi yeye.

"Jumapili mtoto yangu iko na homa. Okot, ile ndogo. Mimi nabeba yeye, nafika kliniki, nakuta ile daktari mrefu. Yeye naangalia mtoto, naangalia, naangalia. Yeye nasema malaria. Sawa. Mimi nasubiri sindano. Hakuna! Hata moja ya kuonja!"

"Alitoa nini, Afande?"

"Vidonge. Vidonge na maneno. Madam, ile maneno! Mimi nimekaa kwa jeshi kabla ya magereza, nimesikia makamanda wanahutubia kwa jua. Hakuna kamanda alinichosha kama ile daktari."

"Alisema nini?"

Hapo ndipo Afande Ojok alipofanya kitu ambacho hakikuwa kwenye maswali yangu. Alirefusha shingo. Alilegeza mabega. Akashusha sauti mpaka ikawa ya Daktari Wandera, nami nilimjua mara moja, nikauma midomo nisicheke.

"'Afande… sikiliza… Vidonge hivi utampa mara tatu, kama nilivyokuonyesha. Lakini vidonge peke yake si macho. Macho ni wewe. Akikataa kunywa… mlete. Akitapika kila kitu… mlete. Akilala, ukimwita haamki vizuri… mlete. Shingo ikikaza… mlete. Usingoje kesho. Usiseme ni usingizi. Haya, na wewe niambie.' Mimi! Mtu mzima, koplo, nasimama mbele ya watu nasema kama mtoto ya shule: akikataa kunywa, mlete. 'Tena, Afande.' Tena! Huyo ni daktari ama kasuku?"

Alikuwa amenyanyua vidole vinne hewani, amefurahia uigizaji wake. Mkewe akatoka upande wa jikoni ameshika kikombe.

"Baba Okot."

"Ngoja, nasema na madam."

"Baba Okot, amekataa uji."

"Mpe maji."

"Maji pia amekataa. Tangu asubuhi. Nilidhani ni usingizi."

Vidole vinne bado vilikuwa juu. Nilimwona Afande akivitazama, kimoja kimoja, kama mtu anayekuta mkono wa mwingine umeshonwa kwenye wake. Mimi, kwa tabia yangu, nilianza kuwaza: tumpeleke kliniki kwetu au hospitali kubwa? Ni halali kutumia pikapu ya ukaguzi kubeba mgonjwa? Nisaini wapi? Nilipofika swali la tatu Afande alikuwa ameshapita mbele yangu mtoto begani, amekanyaga karatasi yangu, anaita, "Dereva! Washa!"

Okot hakufumbua macho njia nzima. Mama yake alimwita jina lake, na lile la nyumbani, na moja la utani. Alijibu lile la utani, kwa sauti ndogo sana.

Hospitalini daktari kijana alimpima haraka, akamtundikia maji na dawa ya kupitia mshipani. Baadaye, mtoto alipoanza kugeuza kichwa na kulalamika juu ya sindano, ambayo ni sauti nzuri kuliko zote wodini, yule daktari alitugeukia.

"Vidonge havikumtosha, inatokea. Lakini mmemleta mapema. Wengi wanangoja mpaka usiku wakisema amelala. Nani aliwaambia mje?"

Mama Okot alimtazama mumewe. Afande alitazama ukuta.

"Kasuku," alisema.

Daktari hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Kisha Afande akanivuta pembeni, akanionyesha chupa ya maji na mrija wake kwa kidole cha ushindi.

"Lakini umeona, madam? Sindano!"

Hivyo ndivyo nilivyopata mbinu yangu, na ndiyo ninayotaka muichukue hata kama mtaacha mengine yote. Msimwulize mtu kama aliridhika. Mwambieni: hebu mwigize daktari. Watu wetu hawapendi kumshtaki daktari kwa maneno, wanaona haya, tena wanaogopa wakiugua tena. Lakini kuiga? Kila familia ina mtu wa kuiga. Anaiga mchungaji, anaiga shemeji, anaiga mkuu wa shule. Mpe kiti cha kuchezea na utaona Jumapili nzima mbele yako.

Jinja, katika nyumba ya muuza vitambaa karibu na hekalu, bibi mmoja wa Kigujarati alimwiga daktari wetu wa sikukuu. Aliketi, akafungua gazeti la kujifanya, akasema kutoka nyuma yake, "Ndiyo, ndiyo, wapi unauma?" Kisha akageuza ukurasa. Wajukuu zake waligaagaa sakafuni. Mimi nilichukua kalamu.

Buwenge, siku ya soko, mwanamke aliyekuwa anauza nyanya alimwiga mwingine. Akasimama wima, akanigusa kifua kwa mfuniko wa sufuria juu ya sweta langu zito, akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Alisikia nini, mama?" nikauliza. "Sweta," akasema. Wanunuzi wote wakapiga makofi, na nikalazimika kununua nyanya.

Yupo pia aliyekuwa anatibu bila kuzima injini ya gari lake. Walipomwiga, mtoto wa nyumba ile alikuwa injini. Na yupo daktari mmoja mwanamke, wa Jinja, ambaye kila aliyemwiga aliinama kwanza. Mzee, kijana, wote waliinama. Nilichelewa kuelewa: alikuwa anawachuchumalia wagonjwa waliokaa kwenye benchi ili awatazame usoni. Huyo hakuna aliyemsifu kwa maneno kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ndicho alichokipenda. Miili yao ilijua.

Tahadhari mbili. Watu hutia chumvi, kwa hiyo waigishe watu watatu wa nyumba tofauti, ubaki na kile kinachofanana. Na usicheke kabla hajamaliza, maana ukicheka atakupa tamasha badala ya ushahidi. Hili la pili mimi lilinishinda mara nyingi.

Lakini nimeruka mbali. Sijawaambia yaliyompata Daktari Wandera.

Daktari Meena alikuja Mbale mwenyewe kumaliza shauri. Alikuwa ameshika muhtasari wangu wa kwanza, ule wa kuridhika, na hakutaka kusoma wa pili, niliouandika baada ya kutoka hospitalini.

"Akello, wewe unawaza mpaka chai inapoa. Mlete huyo afande, mlete na huyo daktari. Nitasikia kwa sikio langu."

Basi tukakaa katika chumba cha dawa, Sista Nambozo mlangoni mikono imefungwa kifuani, Daktari Wandera kwenye kiti kifupi magoti yakimfika kidevuni. Alijua alichoitiwa. Alikuwa amevaa tai. Nilimsikia akimwambia Sista kwa sauti ya chini kwamba wakimwondolea Jumapili hatabishana, ila angependa anayechukua nafasi yake aambiwe watoto gani wa kuangaliwa. Afande Ojok aliingia, akapiga saluti, hatukujua kwa nani.

"Mtoto yuko namna gani?" Daktari Meena akauliza.

"Anacheza mpira ndani ya nyumba, madam. Amevunja glasi."

"Vizuri. Sasa hapa umelalamika. Bado unalalamika?"

"Ndiyo, madam. Sindano hakutoa."

Sista alifumba macho. Mimi nilikuwa nimepanga usiku kucha hotuba yenye sehemu tatu, na sehemu zote tatu zikatoroka kama yule karani wa Wanale. Kilichobaki mdomoni kikawa kimoja.

"Afande," nikasema, "tafadhali mwigize."

"Yeye yuko hapa!"

"Ndiyo. Mwigize."

Afande akamtazama Wandera. Wandera akamtazama Afande, akafanya ishara ndogo ya mkono, kama mwenye nyumba anayekaribisha. Shingo ikarefuka. Mabega yakalegea. Ile sauti ya ndoo kisimani ikajaa chumba: akikataa kunywa, mlete. Akitapika kila kitu, mlete. Daktari Meena aliziba mdomo kwa kile kikaratasi changu cha kuridhika. Afande alipofika mwisho akashusha mkono.

"Umesahau degedege," Daktari Wandera akasema polepole.

"Sijasahau! Siku ile mtoto alilia, ukakatika mwenyewe!"

"Kweli. Basi ongeza. Akishikwa na degedege…"

"Mlete," akasema Afande, na Sista, na mimi, na nadhani hata Daktari Meena, ingawa alikataa baadaye.

Kisha mkurugenzi akaweka karatasi chini.

"Afande, huyu daktari mwingine, wa sindano. Amekutibu?"

"Mara nyingi, madam. Mzuri sana huyo."

"Mwigize na yeye."

Afande Ojok akakaa sawa. Akafikiri. Akanyanyua mkono wa kulia, akasukuma hewa kwa kidole gumba, mara moja. Akaurudisha mkono mapajani.

Tulingoja.

"Endelea," akasema Daktari Meena.

"Imekwisha, madam."

"Hakuna kitu kingine?"

Afande akafikiri tena, kwa haki kabisa, akitafuta. Nilimwona anatafuta. "Hakuna," alisema, taratibu kuliko mara ya kwanza.

Daktari Wandera alibaki na Jumapili zake, na yule mwenzake akapewa sharti la kukaa naye Jumapili kadhaa kabla ya kurudi peke yake. Alinuna, kisha akajifunza. Miaka iliyofuata nilisikia wakimwiga akisema maneno mawili, hata matatu.

Malalamiko ya Afande Ojok hayakufutwa. Nilimwuliza mlangoni, alikataa. Alisema malalamiko ni malalamiko. Lakini nikipita kliniki ya Mbale Jumapili nilikuwa namkuta kwenye benchi, na Okot au na ndugu yake, amezungukwa na wazazi wanaosubiri, anawachekesha kwa kumdhihaki daktari kabla hawajaingia. Shingo ndefu, vidole juu, sasa vitano. Akina mama walikuwa wanatoka pale wanarudia, wanacheka, mpaka barabarani.

Ndiyo maana nikisikia habari za simu zenu nawaza, na mnajua mimi nikianza kuwaza. Afande Ojok angempa Daktari Wandera nyota ngapi? Moja. Na angeibonyeza kwa nguvu.